Mkono wa Kushoto wa Raheli

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Raheli alikuwa na kazi tatu: kufagia uwanja, kuchota maji kisimani na kuwafungulia mbuzi zizini. Kazi ya nne alijipa mwenyewe. Alichukua upinde wake mdogo, akasimama hatua ishirini kutoka kwenye gunia lililojazwa mabua, akapiga mishale mitano. Yote mitano ikiingia kwenye gunia, alikwenda shule akitabasamu. Mmoja ukikosa, alinuna njia nzima.

Raheli alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa darasa la sita. Kitongoji chao kilikuwa mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Kinyangiri, mkoani Singida, mahali ambapo mashamba ya mtama yanapakana na vilima vya mawe. Katika vilima hivyo waliishi nyani. Mtama ulipoanza kukomaa, nyani walishuka kundi zima, na shamba lisilo na mlinzi lilibaki mabua matupu kwa asubuhi moja tu.

Baba yake, Elisha, hakuwa na mtoto mwingine wa kumsaidia. Noel, mdogo wake Raheli, alikuwa bado ananyonya. Kwa hiyo Elisha alimfundisha binti yake kulinda shamba kwa upinde. Mishale yake ilikuwa na vichwa butu vya mti, ya kufukuzia, si ya kuulia.

Bibi Scholastika, mama yake Elisha, hakupendezwa na jambo hilo.

"Mtoto wa kike na upinde, wapi na wapi?" alilalamika.

"Mama, nyani hawaulizi aliyeshika upinde ni wa kike au wa kiume," Elisha alimjibu, na mazungumzo yakaishia hapo.

Elisha alikuwa na upinde wake mwenyewe, mrefu kuliko Raheli, ulioning'inia kwenye ghala. Huo alimkataza kabisa.

"Usiuguse, Raheli. Ni mgumu kwako, na upote wake umekauka. Upote ni ile kamba unayoivuta. Ukikauka, hukatika bila kukuarifu. Nikipata kano za ng'ombe nitasokota mwingine."

"Sawa, baba," Raheli alisema, na siku hiyo alikuwa na nia ya kutii.

Ilikuwa likizo ya mwezi wa sita, wakati wa mavuno. Mtama ulikuwa umekwisha kupurwa, na mama yake, Klara, alikuwa akiupepeta uwanjani tangu asubuhi. Alisimama na ungo, akaumwaga mtama taratibu ili upepo uchukue makapi. Raheli alikaa upande wa chini akikusanya punje zilizoruka. Jua lilipofika utosini, Noel akaanza kulia, na mama akaingia ndani kumnyonyesha.

Hapo ndipo Antipasi alipotokea. Alikuwa jirani yao, na darasani walikaa dawati moja.

"Twende tukashindane," alisema.

Walikwenda nyuma ya ghala. Raheli alipiga mishale mitano na yote ikaingia kwenye gunia. Antipasi aliingiza miwili tu, akaona aibu, na aibu ikamtoa maneno.

"Na wewe kaupinde kako ni ka kufukuzia vifaranga. Hata mtoto wa chekechea angepata. Ungevuta ule wa baba yako ningekuita fundi."

Raheli alimtazama, kisha akautazama mlango wa ghala. Aliingia, akautungua upinde wa baba yake, akatoka nao. Ulikuwa mzito kuliko alivyodhani. Akaushika kwa mkono wa kushoto, akaweka mshale, akavuta kwa mkono wa kulia kwa nguvu zake zote. Upinde ukapinda kidogo. Akakaza meno, akavuta tena, mpaka mkono ukafika shavuni.

Upote ukakatika. Ulilia kama fimbo inayovunjwa, na ncha yake yenye kifundo ikarudi na kumchapa Raheli kwenye jicho la kulia.

Alianguka chini kifudifudi. Alihisi kama kaa la moto limewekwa ndani ya kichwa chake.

"Raheli! Raheli, jicho lako!" Antipasi alipiga magoti kando yake. "Nimwite mama yako?"

"Usimwite!" Raheli alisema kwa sauti ya kukwaruza. "Baba akijua nimeuchukua ataniua. Apa kwamba hutamwambia mtu yeyote."

"Lakini jicho…"

"Apa!"

Antipasi akaapa. Akaurudisha upinde ghalani na kuutundika mahali pake, upote ukining'inia. Kisha akaondoka mbio kwao. Raheli alijikokota mpaka uwanjani, akakaa pale pale alipokuwa amekaa asubuhi, akalifunika jicho kwa kiganja.

Mama alipotoka alimkuta amejikunyata.

"Nini tena?"

"Makapi, mama," Raheli alisema. "Makapi ya mtama yameniingia jichoni."

Klara alitupa ungo. "Jamani! Na mimi ndiye niliyekukalisha upande wa upepo. Niangalie."

Jicho lilikuwa jekundu, machozi yakitiririka. Klara alifanya kama mama yake mzazi alivyokuwa akifanya zamani: alikamua maziwa yake ya kunyonyeshea akamdondoshea mtoto jichoni. Alifanya kwa upendo, wala hakujua kwamba alikuwa anakosea.

Jioni Elisha alikuta upote umekatika. Akautikisa, akasema, "Nilijua tu. Ukavu umeumaliza." Raheli alikuwa amelala ndani, akamsikia. Akashusha pumzi. Alidhani kwamba jambo limekwisha.

Kesho yake mama alimpeleka zahanati. Muuguzi wa pale, Sista Kristina, alikuwa mwanamke mpole lakini asiyependa mzaha kazini. Alimkalisha Raheli karibu na dirisha.

"Shikamoo, sista."

"Marahaba, mwanangu. Umeumiaje?"

Mama ndiye aliyejibu. "Nilikuwa napepeta mtama, sista. Makapi yamemwingia."

Sista Kristina alilifungua jicho kwa vidole viwili, akakunja uso. "Limevimba sana kwa makapi tu. Raheli, nitazame mimi, usimtazame mama. Umepigwa na kitu chochote? Fimbo? Jiwe? Mpira?"

Raheli alimkumbuka baba akisema, "Usiuguse." Akamfikiria mama, ambaye alikuwa amesimama pale pale.

"Hapana, sista. Ni makapi."

"Unaona vizuri?"

Kwa jicho hilo Raheli alimwona muuguzi kama mtu aliyesimama nyuma ya moshi.

"Naona," alisema.

Sista Kristina akalisafisha jicho, akampa dawa ya kupaka. "Mama, kama ni makapi, litapoa kwa siku mbili tatu. Lakini maumivu yakizidi, au akianza kutapika, au akisema haoni, mrudi siku hiyo hiyo. Msilale."

Siku ya pili mama alimuuliza, "Unaendeleaje?" Raheli akasema, "Nafuu." Siku ya tatu akasema tena, "Nafuu," ingawa usiku wote alikuwa ameng'ata shuka ili asilie kwa sauti. Siku ya nne ule moshi uligeuka giza. Aliziba jicho zima kwa mkono, akatazama mlangoni kwa lile bovu, na hakuuona mlango. Hata siku hiyo hakusema. Alijiambia kwamba kesho litafunguka.

Siku ya tano alitapika chai yote, akashika kichwa na kupiga mayowe. Elisha akauza beberu mmoja asubuhi hiyo hiyo, na mama akapanda basi na watoto wote wawili, Noel mgongoni na kichwa cha Raheli mapajani, mpaka Singida mjini.

Hospitalini daktari wa macho alimpima kwa taa kali. Alipima muda mrefu. Noel alipoanza kulia, Klara akatoka naye nje kidogo, na daktari akainama kuelekea kwa Raheli.

"Ndani ya jicho lako kuna damu nyingi. Makapi hayaleti damu namna hii. Una hakika hukupigwa na kitu?"

Mlango ulikuwa umefungwa. Hakukuwa na baba wala mama. Raheli alifungua mdomo, na neno likafika kwenye ulimi. Kisha akawaza: nikisema sasa, wataniuliza kwa nini sikusema tangu mwanzo.

"Ni makapi," alisema, akatazama sakafu.

Daktari akaandika kitu kwenye faili. Klara aliporudi akamwambia akae.

"Mama, nitakueleza ukweli. Jicho limeumia sana ndani, shinikizo likapanda, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo umekufa. Tutampa dawa za kuondoa maumivu na kulinda jicho la pili. Lakini jicho la kulia halitaona tena. Mngefika siku ya kwanza, huenda tungeliokoa. Mlimwekea kitu chochote nyumbani?"

"Maziwa yangu, daktari."

"Msirudie. Jicho likiumia haliwekwi maziwa, wala majani, wala kitu chochote. Linafunikwa kwa kitambaa safi, mtoto analetwa hospitali."

Klara aliweka kiganja mdomoni, akakaa hivyo mpaka walipoambiwa kwamba wanaweza kwenda wodini.

Waliporudi nyumbani baada ya wiki moja, Bibi Scholastika aliwapokea mlangoni. Alimkumbatia Raheli, akalia. Kisha akamgeukia Klara.

"Umempofusha mjukuu wangu. Umemkalisha kwenye makapi kama kuku, halafu ukamtilia maziwa. Mama gani wewe?"

"Nisamehe, mama," Klara alisema kwa sauti ndogo.

Elisha alisimama pale, akasikia yote. Hakumtetea mke wake, wala hakumlaumu. Alichukua jembe akaenda zake. Tangu siku hiyo akawa mtu wa maneno machache. Aliuliza, "Maji yapo?" au "Mbuzi wamekula?" na zaidi ya hapo hakuzungumza na mkewe.

Klara aliacha kwenda kwenye kwaya. Kisimani wanawake wengine walinyamaza alipofika. Nyumbani alimtengea Raheli kipande kikubwa cha nyama, na kila mara alikuja kwa upande wa kushoto, ili mtoto amwone na asishtuke. Raheli alijua kwamba neno moja kutoka kwake lingemwondolea mama yake mzigo wote. Lakini kila siku iliyopita ililifanya neno hilo kuwa zito zaidi.

Siku moja njiani kutoka shule Antipasi alimwambia, "Raheli, mama yako amekonda. Sema tu."

"Na wewe uliapa."

"Najua niliapa," Antipasi alisema. "Silali vizuri tangu siku ile."

Raheli akaharakisha hatua, akamwacha nyuma.

Mwezi wa nane Raheli akachukua tena upinde wake mdogo. Alisimama hatua ishirini kama zamani, akavuta kwa mkono wa kulia, akaachia. Mshale ukapita kushoto kwa gunia, mbali. Akapiga wa pili, nao ukaenda kushoto. Aliinamisha kichwa ili atazame kwa jicho zima, shingo ikajipinda, na mshale wa tatu ukaingia kwenye majani. Akautupa upinde chini.

Hakujua kwamba baba yake alikuwa akimtazama.

"Uokote," Elisha alisema.

"Siwezi tena, baba."

"Mkono wako wa kulia unauvuta mshale hadi chini ya jicho la kulia, na hilo halioni. Kinachotakiwa ni kuhamisha kila kitu. Upinde ushike kwa mkono wa kulia. Vuta kwa kushoto."

Raheli alijaribu. Alijiona kama mtu anayeandika kwa mguu. Alisimama vibaya, baba akamgeuza mabega. Aliweka mshale upande uliozoeleka, baba akauhamishia upande wa pili. Vidole vya mkono wa kushoto, ambavyo havikuwahi kuvuta kitu, vilitetemeka na kuachia mapema. Mshale ulianguka miguuni pake. Upote ukamchapa mkono wa kulia na kuacha mstari mwekundu.

"Tena," alisema baba.

Siku hiyo alipiga mishale thelathini. Hakuna hata mmoja uliofika kwenye gunia.

Iliendelea hivyo mwezi mzima. Kwa amri ya baba, alifagia kwa mkono wa kushoto, akakoroga uji kwa mkono wa kushoto, akabeba ndoo kwa mkono huo ili upate nguvu. Bibi alilalamika alipoona mtoto anashika mwiko kwa kushoto, lakini akaishia kunung'unika tu. Vidole vya Raheli vilitoka malengelenge, malengelenge yakapasuka, ngozi ikawa ngumu. Mwezi wa tisa mshale wa kwanza ukagusa gunia. Mwezi wa kumi na moja, wakati wa kupanda, mishale miwili kati ya mitano iliingia.

Jioni moja alipokuwa akiwatafuta mbuzi, alisikia mlio wa upinde nyuma ya zizi. Akachungulia. Baba yake alikuwa amejifunga kitambaa kwenye jicho la kulia. Alishika ule upinde mkubwa, wenye upote mpya, kwa mkono wa kulia, akivuta kwa kushoto. Mshale ulitoka upande, ukagonga mti na kuanguka. Elisha aliuokota, akarudi mahali pake, akajaribu tena. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa mistari ya kuchapwa kama wa Raheli. Alikuwa akijifunza kwa siri, ili ajue cha kumfundisha.

Raheli alirudi nyuma polepole. Alikaa nyuma ya kichuguu, akalia mpaka mbuzi wakaja wenyewe kumtafuta. Baba yake angemfundisha hivyo kama angejua ukweli? Hata siku hiyo alikwenda kulala bila kusema.

Mvua zilikuwa nzuri mwaka ule. Kufika mwezi wa nne mtama ulikuwa umesimama, vichwa vyake vimeanza kubadilika rangi. Familia ililinda kwa zamu. Jumamosi moja asubuhi zamu ilikuwa ya Raheli, na Antipasi alikuwa kwenye shamba la kwao, upande wa pili wa mpaka.

Nyani walishuka saa mbili. Dume kubwa lilitangulia, likakaa juu ya jiwe na kumtazama Raheli. Nyani hujua mtu anayeweza na mtu asiyeweza. Mwaka uliopita dume hilo lilikimbia lilipouona tu upinde. Safari hii lilishuka taratibu, likaingia shambani, likavunja bua la kwanza mbele ya macho ya mlinzi. Kundi likaja nyuma yake.

"Piga, Raheli!" Antipasi alipaza sauti huku akikimbia kuja.

Raheli alishika upinde kwa mkono wa kulia. Akavuta kwa kushoto mpaka vidole vikagusa shavu. Jicho lake zima likatulia juu ya mshale, na juu ya mbavu za lile dume. Akaachia.

Mshale ulilipata ubavuni kwa kishindo. Dume lilibweka, likaruka juu, likakimbia kuelekea vilimani, na kundi zima likalifuata likipiga kelele. Vumbi lilipotulia, mtama ulikuwa umesimama, isipokuwa mabua machache.

Antipasi alirukaruka. "Fundi! Wewe ni fundi!"

Raheli alicheka, kwa mara ya kwanza tangu mwaka uliopita. Alimwachia Antipasi shamba, akakimbia nyumbani kuwaambia wazazi wake.

Uwanjani Bibi Scholastika alikuwa amekaa kwenye kigoda, amegeuza uso. Baba alisimama karibu na zizi, mikono imening'inia. Mama alikuwa amembeba Noel mgongoni, na miguuni pake palikuwa na furushi la nguo lililofungwa kwa khanga.

"Mama, unakwenda wapi?"

Klara alimpapasa shavu. "Nakwenda Mkiwa, kwa mjomba wako Laurenti. Wewe baki usome."

"Utarudi lini?"

Mama akamgeukia mumewe. "Elisha, karibu mwaka mzima hujanitazama usoni. Leo mama yako amesema mbele ya majirani kwamba mimi ni mkosi wa nyumba hii, na wewe ukanyamaza. Kila nikimwona mtoto akivuta huo upinde kwa mkono usio wake, naiona mikono yangu ikipepeta mtama ule. Siwezi tena."

Akainama kuokota furushi.

"Si makapi!" Raheli alipaza sauti.

Wote wakageuka. Raheli akaketi chini mavumbini, na maneno yakatoka.

"Haikuwa makapi, mama. Nilichukua upinde mkubwa wa baba. Upote ulikatika ukanichapa. Nilimwapisha Antipasi asiseme. Nikamdanganya sista, nikamdanganya daktari. Wote wawili waliniuliza. Nilisema nafuu wakati nilikuwa sioni. Wewe hukufanya kitu, mama. Ni mimi."

Noel alikuwa akichezea nywele za mama yake.

Klara aliketi juu ya lile furushi. Hakumpiga mtoto, wala hakumkumbatia.

"Karibu mwaka mzima, Raheli," alisema. "Nimeomba Mungu anichukulie jicho langu akupe wewe. Na wewe ulikuwa unanitazama."

Elisha alisogea. Binti yake alifunika kichwa kwa mikono, akingoja kipigo alichokuwa amekiogopa siku zote hizo. Lakini baba alipita pembeni yake, akaenda kuchuchumaa mbele ya mke wake.

"Mama Raheli, nimekukosea," alisema. "Sikujua ukweli, lakini hata kama ingekuwa makapi, sikupaswa kukuacha peke yako. Nakuomba usiondoke."

Bibi Scholastika aliinuka kwa shida. Alisema maneno ya kuomba radhi kwa Kinyiramba, lugha yao ya nyumbani, kwa sauti ya chini, akilishika bega la mkwewe. Klara alianza kulia. Alilia kwa nguvu, kama mtu anayetapika. Raheli alitamani kusogea, lakini hakujua kama anaruhusiwa.

Siku ya Jumatatu mama alimchukua Raheli mpaka zahanati. Antipasi naye alikwenda pamoja nao. Yeye mwenyewe ndiye aliyeomba. Elisha alikuwa amekwisha kumwambia Antipasi, bila ukali, kwamba rafiki anapoumia, kumfichia si kumsaidia, na kwamba siku ile angekimbilia kwa Klara jicho lingepata nafasi ya kupona.

Sista Kristina aliwasikiliza mpaka mwisho. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Raheli," alisema, "unakumbuka nilikuuliza?"

"Nakumbuka, sista. Uliniambia nikutazame wewe."

"Mimi sina macho ya kuona jambo lililotokea nyuma ya ghala lenu. Namtibu mgonjwa kwa kile anachoniambia. Ulisema makapi, nikakupa dawa ya makapi. Ungesema umechapwa, ningekufunika jicho na kukupeleka Singida siku ile ile. Pengine lingepona, pengine lisingepona. Sasa hatutajua kamwe, wala mimi, wala daktari, wala wewe." Akamwashiria Antipasi asogee naye asikie, kisha akaendelea kumwambia Raheli: "Uliogopa fimbo ya baba yako. Fimbo inauma siku moja. Uwongo huu umekula jicho lako, kisha ukaanza kumla mama yako, na ungekula nyumba yenu nzima kama usingesema ukweli. Mtoto akiumia, na aseme ameumia wapi, saa ngapi, na kwa kitu gani, hata kama alikuwa amekatazwa. Makosa yatazungumzwa baadaye. Jicho halingoji."

"Nimeelewa, sista," Raheli alisema.

"Nimeelewa," alisema Antipasi.

Wakarudi kwa miguu. Antipasi alipinda kwenda kwao, na Raheli akabaki na mama yake njiani. Alitembea upande wa kushoto wa mama, kisha akahamia upande mwingine ili aweze kumwona.

"Mama, umenisamehe?"

"Nitakusamehe," Klara alisema. "Lakini si leo. Leo bado nina hasira, na sitaki kukudanganya. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Haya, tembea. Baba yako yuko shambani peke yake tangu asubuhi, na nyani hawajui kwamba tulikwenda zahanati."

Raheli akaongeza mwendo, na mama yake akaongeza mwendo kando yake.